Jina Ndani ya Kelele

Kompyuta mpya ilifika Kindu, mashariki ya Kongo, kwa ndege ya mizigo, imefungwa katika maboksi mawili kwa mikanda ya gundi mingi mno, na siku ile Ramla hakuwa na hamu nayo hata kidogo. Alikuwa redioni tangu asubuhi, miguu imemvimba, na kichwani alikuwa na jambo moja tu: amalize kusoma matangazo ya misiba, arudi nyumbani kwake Mikelenge, alale. Usingizi wenyewe haukuwa unamsaidia. Alilala amechoka, akaamka amechoka.

"Mama Ramla, kuja uone!" Odile alimwita kutoka chumba cha studio.

Odile alikuwa fundi mpya wa redio, binti wa marehemu Jérôme, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa zamani. Alisomea kazi hiyo Kisangani, na watu wote walidhani atabaki hukohuko. Lakini baba yake alipofariki alirudi, akafungua kabati la vifaa, akakuta nyaya zote zimefungwa vizuri na kila moja imebandikwa jina kwa mwandiko wa baba yake. Basi akabaki.

Ramla aliingia akijishika kiuno. Kompyuta mpya ilikuwa juu ya meza, nyeusi, nyembamba, kimya. Kando yake Odile alikuwa amekwisha kuweka ile ya zamani, boksi kubwa la rangi ya maziwa iliyogeuka manjano, ambayo Ramla aliifanyia kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Bwana Destin anasema ile ya zamani itoke leo," Odile alisema. Destin ndiye aliyekuwa mkurugenzi wao, mtu asiyependa kitu kikae mahali bila kazi. "Anasema inatukulia nafasi. Mimi nimemwambia angoje kwanza. Nataka niziweke pamoja, nizipe kazi moja, nione. Papa alikuwa anaisifu sana hii."

"Baba yako hakuisifu. Aliitukana kila siku."

Odile akacheka. Kisha akaeleza, kama mtu anayeeleza kitu anachokipenda. Prosesa ndiyo inayohesabu kila kitu ndani ya kompyuta. Picha, sauti, maandishi, vyote kwake ni hesabu tupu. Hii ya zamani, Pentium II, ilikuwa na kichwa kimoja cha kuhesabia, kinachokwenda kwa megahezi mia tatu na hamsini. Ile mpya, i7, ilikuwa na vichwa kumi na viwili, na kila kimoja kilikwenda mbio zaidi ya mara kumi kuliko kile cha mzee.

"Tena si mbio tu, Mama. Hata zingeenda mwendo mmoja, hii mupya ingemshinda mzee. Pale mzee anafanya kitu kimoja, huyu anafanya vitu vingi kwa mara moja."

"Basi hakuna cha kushindanisha," Ramla alisema. "Umempambanisha babu na wajukuu kumi na wawili."

"Nataka kuona tu. Unipe sauti moja ya wakati wa vita, yenye kelele nyingi. Ile mbaya kuliko zote."

Ramla aligeukia kabati. Sauti mbaya kuliko zote aliijua. Angeweza kumpa nyingine, maana kabati lilikuwa limejaa kanda. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kuficha. Akanyoosha mkono rafu ya juu, akatoa kaseti iliyofungwa kwa kitambaa, akaiweka mezani.

"Hii."

Ile kompyuta ya zamani ililetwa Kindu na wazungu wa shirika moja la misaada, muda mfupi kabla ya vita. Vita vilipoanza ndege ikaja kuwachukua, wakaacha magari, wakaacha vitanda, wakaacha na kompyuta ikiwa bado mpya. Jérôme aliibeba kwa baiskeli mpaka redioni, screen mbele, boksi nyuma, akisukuma kwa miguu na kuomba mvua isinyeshe.

Miaka iliyofuata mji ulifungwa kama chungu. Treni haikuja. Ndani ya mji walikuwako askari wa waasi, na nje, msituni, walikuwako wapiganaji wa Mai-Mai, na barabara ya Kailo haikupitika. Aliyekuwa shambani siku njia ilipofungwa alibaki shambani, na aliyekuwa mjini alibaki mjini. Mume huku, mke kule. Ndipo redio ikaanza matangazo ya kutafutana. Watu walikuja, wakasema majina yao na ya wanaowatafuta, na jioni maneno yao yakasikika ng'ambo ya mto Lualaba na ndani ya msitu, kwa kila aliyebaki na redio na betri.

Ramla ndiye aliyeshika maikrofoni. Kwa kuwa jenereta ilikuwa nyuma tu ya ukuta wa studio, kila sauti ilitoka na mngurumo, na kazi ya kompyuta ilikuwa kuupunguza. Hapo ndipo Jérôme alipoitukana. Ungeipa sauti fupi ya mtu mmoja, halafu mstari wa bluu ungeanza kutambaa kwenye screen, pole, pole, hata ukadhani umesimama. Joto likizidi, mashine inakwama. Walifungua boksi lake, Ramla akaketi kando akiipepea kwa pepeo la kuwashia makaa. Mara nyingi mafuta ya jenereta yaliisha mstari ukiwa karibu kufika mwisho. Giza. Kesho wanaanza tena mwanzo.

Na wakati mstari ukitambaa, aliyetoa sauti yake mara nyingi alikuwa bado ameketi pale kwenye benchi, hana pa kwenda. Ramla alimpa maji. Walizungumza. Wengine walilia, wengine walisinzia. Kuna mama mmoja alimsuka Ramla kichwa kizima akingoja.

Waporaji walipoingia redioni mwaka ule mbaya kuliko yote, Jérôme aliwahi kuchomoa prosesa. Katika mashine zile ilikuwa kitu cheusi kama kaseti nene, kilichochomekwa wima. Ramla aliifunga ndani ya kitenge, tumboni, akatoka nayo mbele ya bunduki akitembea kama mjamzito. Wakachukua screen, wakalipiga teke boksi, wakaliacha.

Alifanya hivyo kwa ajili ya redio, ndivyo alivyomwambia kila mtu. Jérôme peke yake ndiye aliyejua kwamba ilikuwa pia kwa ajili ya sauti ya kaseti ile, iliyokuwa ndani ya mashine.

Mume wake aliitwa Bulaimu. Alikuwa mfanyakazi wa reli ambaye reli ilikuwa imeacha kumlipa, mtu mrefu, mpole, asiyependa kusema sana. Njaa ilipobana walikubaliana nyumbani kwamba akipata nafasi ya kuteremka mto mpaka Lokandu, aende akatafute mchele. Nafasi ilipatikana asubuhi moja kwa ghafla, katika mtumbwi wa mota. Alipita redioni asimkute mkewe, kwa sababu Ramla alikuwa palepale bandarini, vipokea sauti masikioni, akimrekodi mama mmoja aitwaye Zawadi aliyekuwa akiwatafuta watoto wake. Nyuma yake wanaume walipakia mizigo, mota ikinguruma. Alipogeuka, mtumbwi ulikuwa umekwisha kushika maji.

"Mume wako alikuwa humo," jirani alimwambia. "Nadhani alikuita, Mama. Ulikuwa na vile vitu masikioni."

Mtumbwi haukufika Lokandu. Wengine walisema ulipigwa risasi kwenye kona ya mto. Wengine walisema abiria walishushwa wakapelekwa msituni kubeba mizigo ya wapiganaji. Hakuna mwili uliopatikana.

Ramla aliichukua kanda ya siku ile, akaisikiliza mpaka masikio yakamuuma. Nyuma ya sauti ya Mama Zawadi, ndani ya mngurumo wa mota, mwanamume mmoja alikuwa akipaza sauti. Jérôme aliiingiza kwenye kompyuta. Wakaisafisha, mafuta yakaisha, wakaisafisha tena, siku baada ya siku, na mwishowe yakatoka maneno haya, hafifu, kama mtu anayesema kutoka chini ya godoro:

"...amla nitarudi Ijumaa..."

Hayo tu. Lakini yalimtosha. Alipiga magoti palepale sakafuni, na Jérôme akatoka nje ili asimtazame.

"Hii njo sauti yenyewe?" Odile aliuliza. Alikuwa amesikia habari zake nusunusu kwa baba yake, na sasa alishika kaseti kwa vidole viwili. "Mama, tuchukue nyingine."

"Fanya kazi yako, mwanangu."

Faili ya kanda hiyo, kabla haijasafishwa, ilikuwa bado ndani ya mashine ya zamani. Odile aliinakili kwenye CD, akaipeleka kwenye ile mpya, na zote mbili akazipa kazi moja: kupunguza mngurumo, kwa njia ileile aliyotumia baba yake. Alibonyeza upande wa mzee kwanza. Feni ikaanza kukohoa, diski ikagugumia, mstari wa bluu ukaonekana. Kisha akabonyeza upande wa pili, na kabla hajaondoa kidole kazi ilikuwa imekwisha.

"Imeisha?" Ramla aliuliza.

"Imeisha."

Wakaisikiliza. *...amla nitarudi Ijumaa...* Sauti ilikuwa ileile, na udhaifu wake uleule. Ramla alipumua. Hakujua kwamba alikuwa ameibana pumzi.

"Unaona? Ni sawasawa tu. Mbio zake zote, na neno halikuongezeka."

"Kwa sababu nimeipa kazi ya kizee," Odile alisema, macho yakiwa kwenye screen. Shauku ya fundi ilikuwa imemshika. "Iko programu ingine. Haipunguzi kelele, inatenganisha: mota peke yake, sauti ya kila muntu peke yake. Mzee hawezi hata kuifungua. Nichomeke kaseti yenyewe?"

Ramla angeweza kusema hapana. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema. Alitikisa kichwa kukubali, akavuta kiti, akaketi.

Haikuchukua muda. Wakati mtu angemaliza glasi ya maji, screen ilionyesha mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine. Odile aliufungua wa kwanza: mota tupu, nzito. Wa pili: Mama Zawadi akitaja watoto wake, karibu kabisa, kana kwamba ameketi nao mezani. Wa tatu ulikuwa wa wanaume. Mmoja alilalamika kwamba gunia limelowa. Mwingine alicheka. Kisha sauti moja, nyembamba kidogo, yenye haraka, ikatoka safi bila mkwaruzo:

"Soudi! Ee Soudi! Mwambie Jamila nitarudi Ijumaa. Asiuze cherehani, umesikia? Cherehani asiuze!"

Na mwingine akajibu: "Nimesikia, Ayoubu! Panda basi!"

Mota ya jenereta ya jirani ilisikika nje. Upande wa kulia wa meza mashine ya zamani iliendelea kukohoa, mstari wake haujafika hata robo.

"Rudisha," Ramla alisema.

Odile akarudisha. Jamila. Akarudisha tena. Jamila, wazi, na herufi zake zote.

"Haiwezi kuwa imezua maneno? Hizi mashine za sasa wanasema zinazua."

"Mama, hii haiongezi. Inatoa tu kelele," Odile alisema kwa sauti ya chini. "Lakini tusikilize kaseti yenyewe, bila mashine."

Wakaisikiliza kaseti yenyewe, kelele na vyote. Na sasa kwa kuwa Ramla alikuwa amekwisha kulijua jina, alilisikia. Lilikuwa pale pale. *J* ilikuwa imefunikwa na mota, na ile *i* ilikuwa imesagwa, lakini zilikuwapo. Alijaribu kusikia jina lake kama alivyolisikia miaka yote, akajaribu tena, na halikuja.

"Tafuta Bulaimu," alisema.

Walisikiliza kanda nzima, mstari kwa mstari. Wanaume wengi walisema mengi siku ile bandarini, kuhusu kamba, kuhusu nafasi ya kukaa, kuhusu kuku aliyetoroka. Bulaimu hakuwamo. Pengine alinyamaza, kama ilivyokuwa kawaida yake. Pengine alisimama nyuma ya mkewe dakika nzima, akamwona yuko kazini, asitake kumsumbua.

Odile alikuwa analia. "Unisamehe, Mama. Ningejua nisingeigusa."

"Wewe umefanya nini? Sauti ilikuwa humo. Mimi ndiye niliyeihamia kama nyumba ya mtu." Ramla aliinuka kwa shida. "Zima ile ya zamani. Inateseka bure. Mwambie Bwana Destin aichukue."

Akaenda nyumbani kwa miguu. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda uani, viatu bado miguuni, hakuwasha moto. Alijaribu kuikumbuka sauti ya Bulaimu, ile halisi, akakuta kwamba kila alipoifuata ilimjia ile nyembamba yenye haraka ya mwanamume mwingine. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote. Alikuwa ameitunza vizuri mno sauti ya mtu asiyemjua, hata ya mumewe ikatoka.

Ungedhani mambo yangeishia hapo, maana nani angemlaumu? Lakini Ramla alikuwa amefanya kazi ya kupeleka maneno ya watu kwa muda mrefu mno. Kila alipojilaza alimsikia yule Ayoubu akipiga kelele kuhusu cherehani, na akajua kwamba tangazo hilo halijafika. Lilikuwa kwenye rafu ya redio, limefungwa kwa kitambaa, kwa sababu yeye alidhani ni lake.

Alianza kuuliza kwa mafundi wa nguo sokoni. Jamila mwenye cherehani wakati wa vita, mume wake Ayoubu, alipotelea mtoni? Wa kwanza hakujua, wala wa pili. Mzee mmoja aliyekuwa akishona makoti ya shule alitoa sindano mdomoni, akasema, "Jamila wa Ayoubu? Aliacha kushona zamani. Analima mpunga. Si ni mtu wa kwenu hukohuko Mikelenge?"

Kumbe. Walikuwa wakichota maji kisima kimoja, pengine.

Odile alikubali kumsindikiza, sauti ikiwa ndani ya simu yake. Walimkuta Jamila nyuma ya nyumba yake, karibu na mashamba, akigeuza mpunga kwa miguu juu ya turubai. Alikuwa mwanamke mwembamba, uso mkali, kilemba kimefungwa kwa nguvu. Aliwakaribisha viti bila kuacha kugeuza.

"Natoka redioni, mwenzangu," Ramla alisema baada ya salamu. "Naitwa Ramla. Nimekuletea maneno ya Ayoubu."

Miguu ya Jamila ikasimama.

"Ayoubu gani?"

"Wa kwako. Ni ya zamani. Ya siku aliyoondoka."

"Yule aliniacha," Jamila alisema kwa sauti kavu. "Alikuwa na mwanamuke Lokandu, kila muntu alijua. Aliondoka bila kusema hata neno moja. Mimi niko na bwana yangu mwingine sasa, Djamali, muntu muzuri, na watoto. Maneno ya yule nitayafanya nini?"

"Yasikilize tu. Ukitaka tuyafute, tutayafuta mbele yako."

Odile akampa vipokea sauti. Jamila alivitazama, akafungua kilemba upande mmoja, akavivaa. Odile akabonyeza.

Ramla aliutazama uso wake. Kwanza haukubadilika. Kisha, pale ambapo Ramla alijua kwamba sauti inasema *Soudi, ee Soudi*, Jamila alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtuliwa. Kisha akafunga mdomo kwa mkono.

"Alikuwa anaita mara mbili," alisema. "Siku zote. Hata kama uko hapa karibu, mara mbili. Rudisha."

Odile alirudisha. Na tena. Mara ya tatu Jamila alivivua mwenyewe, akaviweka magotini.

"Soudi alikamatwa juma lilelile," alisema. "Askari walimbebesha risasi, hatukumwona tena. Basi hakuwahi kuniambia. Cherehani niliiuza. Niliiuza kwa hasira. Nilisema, hawezi kurudi akakuta nimemtunzia kitu. Nimemulaani muntu huyu kila siku, wewe. Hata juzi."

Kuku walikuja kwenye mpunga, Odile akawafukuza. Jamila alimgeukia Ramla, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Na wewe, kwa nini njo leo? Miaka yote hii sauti ilikuwa wapi?"

Ramla alimweleza. Alieleza bila kupamba, jinsi alivyosikia jina lake mahali pa jina la mwenzake, jinsi ile mashine mpya ilivyolitenganisha, jinsi mume wake mwenyewe alivyokuwa ndani ya mtumbwi uleule na hakusikika popote. Alitegemea kutukanwa. Alikuwa tayari, tena alikuwa amechoka kiasi kwamba kutukanwa kungekuwa kama kupumzika.

"Basi njo wewe ulikaa naye," Jamila alisema polepole. "Mimi nilimfukuza, wewe ukakaa naye."

"Ndivyo."

"Ulimtunza vizuri?"

Ramla alifungua mdomo ili ajibu. Hapo ndipo machozi yalipokuja, ya tangu siku ile redioni na ya kabla yake, na Jamila akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Hakumwambia anyamaze. Odile alitoka akaenda kusimama barabarani.

Walipokuwa wakiagana Jamila aliomba sauti iwekwe kwenye simu ya mwanawe mkubwa. Si wa Ayoubu, alisema, lakini atamsikilizisha, na Djamali pia atamsikilizisha, maana hana cha kumficha.

Jioni ileile, kabla ya magharibi, Ramla alipita nyumbani kwa shemeji yake Waziri, mdogo wa Bulaimu. Tangu vita viishe Waziri alikuwa akimwomba wamsomee ndugu yake hitima, na kila mara Ramla alikataa kwa neno moja: hatusomi hitima ya mtu aliyesema atarudi. Mashehe walikuja, wazee walikuja, dada zake walikuja. Hata eda hakukaa. Watu wa mji wakamzoea hivyo, mwanamke asiye mjane na asiye na mume.

Waziri alikuwa anatawadha. Alimwona mlangoni, akaweka birika chini.

"Shemeji. Kuna nini?"

"Msomeeni Bulaimu," Ramla alisema.

Waziri alijifuta mikono kwenye kanzu, akasema tu, "Alhamdulillahi," kama mtu aliyetuliwa gunia begani.

Hitima ilisomwa nyumbani kwa Ramla, mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Wanaume walijaa uani kwenye mikeka. Odile alikuja amejifunga kitambaa kichwani ingawa ni Mkristo, akaketi na wanawake jikoni, akapewa vitunguu. Destin mwenyewe alileta viti vya redio. Ramla alikuwa akienda huku na huku, akitafuta mwiko, akitafuta chumvi, akisahau alichokuwa anatafuta, wakati Jamila alipoingia kwa mlango wa nyuma na kapu la mchele mpya kichwani.

Wanawake wengi walimfahamu. Hawakujua anamfahamu nani pale. Yeye hakueleza. Alitua kapu, akaosha mikono, akamwondolea Ramla mwiko mkononi.

"Unatoka wapi na unakwenda wapi?" alimwuliza. "Msiba ni wako. Kaa kitako."

"Majani ya sombe bado hayajatwangwa."

"Nimeona."

Jamila akachukua mchi, akaanza. Nje sauti za wasomaji zilipanda pamoja, zikashuka, zikapanda. Ramla aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, akanyoosha miguu yake iliyovimba. Mtu alimletea kikombe cha chai, akakipokea kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, akafumba macho, na kabla chai haijapoa alikuwa amelala palepale katikati ya wanawake, na Jamila aliweka kidole mdomoni kuwanyamazisha wote waliotaka kumwamsha.